Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, 1880 hivi – Unguja, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri na kuuzwa kibiashara, na ndiye aliyeutoa muziki uliokuwa ukiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la Sultani akaufanya kuwa muziki wa Waswahili wote wa pwani.

Alizaliwa katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Hakujua kusoma wala kuandika, na Kiarabu hakikuwa lugha yake. Muziki aliokuja kuumudu ulikuwa wa wanaume, wa Waarabu na wa watu wa mjini, naye hakuwa miongoni mwao. Habari za maisha yake zinajulikana zaidi kwa sababu ya wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga.

Asili na utoto

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kwenye rasi iliyo kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Wote wawili walizaliwa Unguja, lakini asili zao zinaeleza mengi. Nchi ya Wazigua iko nyuma ya pwani ya Tanga, kati ya mto Pangani na mto Wami. Katika karne ya 19 bandari za Pangani na Saadani zilikuwa milango ya misafara ya kutoka bara. Ukame na njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi waingie utumwani, na majahazi yakawavusha hadi Unguja na mbali zaidi. Wanyamwezi nao waliifahamu njia hiyo, wengine kama wapagazi wa pembe za ndovu, wengine kama bidhaa.

Jina alilopewa mtoto huyu alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku katika Zanzibar tangu mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Amri ya kuufuta ilitolewa mwaka 1897. Kwa hiyo jina hilo halikuwa mzaha. Lilimwambia kila aliyelisikia nafasi ya mtoto yule katika jamii. Jina la Siti, ambalo kwa asili ya Kiarabu lina maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye mjini, wakati sauti yake ilipokwisha kujulikana.

Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi. Mama alifinyanga vyungu na mitungi, na binti alipokua alijifunza kazi hiyo. Vyombo vilipokuwa tayari alivibeba kichwani kwenda kuviuza mjini, safari ya kiasi cha kilomita 20, akiimba njiani ili wateja wajue kwamba muuzaji anapita. Watu walianza kuitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Inasemwa kwamba wateja walimjua kwa mbali na wakatoka milangoni kumngoja.

Katika kipindi hicho hakuwa na mwalimu wa muziki. Hata hivyo si kweli kwamba alikuwa hajawahi kusikia sauti ya Kiarabu. Mtoto wa kijiji chochote cha pwani hukua akisikia adhana mara tano kwa siku, visomo vya hitima, na maulidi ya Barzanji yakisomwa kwa sauti za kuvuta na kupanda. Wasikilizaji wengi hawajui maana ya kila neno, lakini wanajua mahali sauti inapopaswa kupumzika, mahali inapopaswa kurefushwa, na mahali ambapo msomaji amekosea. Siti alikuwa mgeni wa lugha ya Kiarabu, ila masikio yake hayakuwa mageni.

Taarab kabla ya Siti

Neno taarab linatokana na neno la Kiarabu tarab. Halina maana ya muziki tu. Linataja hali inayompata msikilizaji sauti nzuri inapomgusa: furaha au huzuni inayomtikisa mpaka anashindwa kujizuia. Katika muziki wa kale wa Waarabu, hasa wa Misri, mwimbaji alipimwa kwa uwezo wake wa kuwaletea watu hali hiyo. Ala zilikuwa chache: udi, kanuni yenye nyuzi nyingi, nai, fidla na rika. Kazi yake kubwa ilikuwa kuisindikiza sauti. Mwimbaji angeweza kuushika mstari mmoja wa shairi na kuurudia mara nyingi, kila mara akiupamba kwa namna nyingine, huku wasikilizaji wakimjibu kwa kelele za kuridhika zilizomtia moyo wa kuendelea.

Nyimbo hizo hufuata maqam, yaani mipangilio ya sauti ambayo kila mmoja una tabia yake, mwingine wa majonzi, mwingine wa uchangamfu. Baadhi ya sauti zake huangukia kati ya noti mbili za piano, na sikio lililozoea muziki wa Ulaya huweza kudhani kwamba mwimbaji ametoka nje ya wimbo. Jambo hili ndilo humfanya mgeni aone ugumu mwanzoni, na ndilo humnasa baadaye.

Muziki huu uliingia kasri la Zanzibar wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Barghash alipenda fahari na muziki, akaleta wanamuziki kutoka Misri ili wamtumbuize. Masimulizi ya Zanzibar yanamtaja pia Mohamed Ibrahim, aliyepelekwa Cairo kujifunza kupiga kanuni na akarudi kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama cha muziki kilichoitwa Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kipo hadi leo na hujulikana pia kama taarab ya Malindi. Wanachama walikuwa wanaume. Walivaa vizuri, walikuwa na nafasi ya kuagiza ala kutoka ng'ambo, na waliimba kwa Kiarabu.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa wakati Siti anaingia mjini. Wanafunzi wengi hudhani kwamba taarab ilianza kama muziki wa harusi za uswahilini, wenye mipasho na kina mama wanaotunza. Hali ilikuwa kinyume. Ilianza juu, kwa watu wachache, na kwa lugha ambayo wengi wa wakazi wa Unguja hawakuizungumza.

Kujifunza

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, si umri ambao watu huanza kujifunza uimbaji. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwan Safaa, ambaye aliisikia sauti yake na kuona kwamba inaweza kufika mbali ikipata mafunzo. Huyu ndiye aliyemfundisha kupiga ala na kuimba kwa Kiarabu, kisha akamjulisha kwa wenzake. Wanachama walimpenda, naye akaanza kualikwa kuimba katika shughuli mbalimbali. Kwa chama cha wanaume watupu, kumkubali mwanamke wa shamba lilikuwa jambo la ajabu.

Kwa kuwa hakujua kusoma, Siti alijifunza kila kitu kwa kusikia. Mwalimu alitamka, naye akashika. Njia hii si duni kama inavyodhaniwa. Mashairi ya Kiarabu hutegemea sana utamkaji: kuna herufi zinazotoka kooni, nyingine zinazotamkwa kwa uzito, na irabu fupi zinazobadilisha maana zikirefushwa. Asiyejua Kiarabu akiimba bila kushika mambo hayo, mwenye lugha atacheka. Siti hakuchekwa. Aliimba mbele ya Waarabu wenye lugha yao na wakamsikiliza, mpaka akawa akialikwa nyumbani kwa matajiri na katika kasri la Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu mwaka ule ule wa 1911. Aliweza pia kuimba kwa Kihindi, kwa ajili ya wenyeji wa Kihindi waliomwalika.

Miaka hiyo hiyo huko Misri msichana mwingine wa kijijini alikuwa akipita njia iliyofanana na hii. Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijiji katika delta ya Nile, alilelewa katika kisomo cha Kurani na nyimbo za dini kabla ya kwenda Cairo na kuwa mwimbaji mkubwa kuliko wote wa dunia ya Waarabu. Siti mara nyingi hulinganishwa naye. Ulinganisho huo unafaa upande mmoja: wote wawili walianzia chini, na wote walibebwa na sauti. Upande mwingine haufai. Umm Kulthum alikuwa akiimba lugha ya mama yake. Siti alipaswa kwanza kuingia katika lugha ya watu waliokuwa mabwana wa wazazi wake, na kuifanya iwaguse wao wenyewe.

Kutoka Kiarabu hadi Kiswahili

Siti hakuishia hapo. Pamoja na wenzake aliunda kundi lake mwenyewe. Waliokuwa naye ni Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban Umbaye. Mbaruk Talsam alikuwa kipofu, mpiga udi kutoka Mombasa, na alikuwa mwimbaji maarufu kwa jina lake mwenyewe. Jioni walikutana nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar uliokuwa nje ya Mji Mkongwe, ambako waliishi watu wa kazi za mikono, wachuuzi, vibarua wa bandarini, na watumwa wa zamani pamoja na watoto wao.

Hapo ndipo nyimbo zilipotungwa. Mtu alileta habari ya mtaani, mwingine akatoa beti, wengine wakatafuta sauti inayofaa, na usiku majirani wakaja kusikiliza. Ala zilikuwa zile zile za Misri na mapambo ya sauti yalikuwa yale yale, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili. Kundi hili lilibeba ufundi wote wa Kiarabu na kuuweka juu ya ushairi wa Waswahili, ambao nao una vina na mizani yake ya siku nyingi. Ndiyo maana ndoa hiyo ilikubali. Mshairi wa Kiswahili alikuwa amezoea ubeti wenye mistari mifupi iliyopimwa, na mwimbaji wa taarab alihitaji mistari ya namna hiyo ili apate mahali pa kuirudia na kuipamba.

Yaliyoimbwa Ng'ambo hayakuwa yale yaliyoimbwa kasrini. Kule aliimba mapenzi na sifa kwa Kiarabu. Huku aliimba mambo ya watu wake: mapenzi pia, lakini vilevile dhuluma, mahakama, wanawake wanaopigwa, wakubwa wanaokula mali na kuachiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo walikuwa katika mvutano mkali na wenye ardhi juu ya kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na nyimbo za kundi la Siti zilisikilizwa katika hali hiyo.

Wimbo unaokumbukwa zaidi ni Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni, mjamzito, aliyekuja Unguja kutoka bara, akatoka usiku kwenda kwenye starehe pamoja na wenyeji wake, akauawa. Mwanamume aliyeshutumiwa, Kijiti, alitorokea bara. Waliobaki mikononi mwa mahakama ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, na wao ndio waliofungwa. Katika wimbo huu Siti anamlilia marehemu na wakati huo huo anaitazama mahakama. Ustadi ule ule wa tarab, uliotengenezwa ili kumliza bwana mkubwa kwa ajili ya mpenzi wake, hapa ulitumika kuwaliza majirani kwa ajili ya mwanamke asiye na mtu wa kumtetea.

Safari za Bombay

Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, santuri za Misri zilikuwa zikiuzwa pwani ya Afrika Mashariki. Kampuni za Ulaya zilikuwa zimeanza kurekodi waimbaji wa Cairo tangu mwanzo wa karne, na wenye gramafoni wa Zanzibar waliweza kuwasikia bila kusafiri. Wauzaji wakaona kwamba santuri za Kiswahili zingepata wateja wengi zaidi. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Safari nyingine zilifuata, na kufikia mwaka 1930 kundi hilo lilikuwa limerekodi zaidi ya nyimbo 250.

Kazi yenyewe ilikuwa na taabu yake. Upande mmoja wa santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu tu. Wimbo wa taarab usiku wa shughuli huweza kuchukua muda mrefu sana, kwa sababu mwimbaji husubiri wasikilizaji, hurudia, hucheza na neno moja mpaka watu waamke. Mbele ya mashine hakuna wa kusubiriwa. Iliwabidi wauvunje wimbo, nusu upande mmoja na nusu upande wa pili, na wauimbe kwa haraka kuliko walivyozoea. Kwa hiyo anayesikiliza santuri za Siti leo, pamoja na mikwaruzo yake, anasikia sehemu tu ya kile walichokisikia majirani zake. Hata hivyo sauti inajitokeza, juu na kali kidogo, ikikaza pale inapotaka kueleweka.

Mauzo yalikuwa makubwa. Maelfu kwa maelfu ya santuri yalinunuliwa Zanzibar, Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Kongo. Si kila msikilizaji alikuwa na gramafoni. Moja iliwekwa mkahawani au barazani, na mtaa mzima ukakusanyika. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikitoka ndani ya mashine, na tena kinatoka kwa mwanamke.

Kwa Kiswahili chenyewe lilikuwa jambo kubwa. Miaka hiyo hiyo, wakati serikali za kikoloni zilikuwa zikijadili Kiswahili kipi kifundishwe shuleni, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kukisanifisha kwa kufuata Kiunguja, santuri za Siti zilikuwa tayari zimekifikisha Kiunguja cha mtaani hadi mahali ambapo vitabu vya shule vilikuwa havijafika.

Lawama na majibu

Umaarufu wake haukuwafurahisha wote. Katika Zanzibar ya wakati ule mtu aliulizwa kwanza ukoo, kisha mali, kisha sura. Siti hakuwa na ukoo wa kujivunia, mali yake ilikuwa mpya, na kuhusu sura, hata waliomsifu hawakumsifu kwa uzuri. Wapinzani wake walitunga wimbo wa kumdhihaki. Walimkumbusha kwamba alitoka shamba, kwamba alikuwa akivaa kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na kitu.

Dhihaka ya kaniki inahitaji maelezo kwa msomaji wa leo. Kaniki ni kitambaa cha bei nafuu chenye rangi ya bluu iliyokolea au nyeusi, na katika karne ya 19 kilikuwa vazi la watumwa wanawake na maskini. Baada ya utumwa kufutwa wanawake wengi wa Unguja waliiacha kwa makusudi wakavaa kanga zenye rangi na maandishi, na baadaye buibui, ili mavazi yasitaje tena asili yao. Kumtajia mtu kaniki kulikuwa ni kumrudisha kwenye jina la Mtumwa.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba na wala hakudai ukoo asiokuwa nao. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa sura na nasaba si vitu vya kumpima mtu, na kwamba aibu iko kwa asiyeitumia akili. Hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi huliruka. Wapinzani waliposema kwamba hana ila sauti, walidhani wamemtukana. Katika muziki aliouchagua, sauti ndiyo kila kitu. Mwimbaji wa tarab huulizwa swali moja tu, nalo ni kama amewagusa wasikilizaji au hakuwagusa.

Pwani ya Tanga na Shaaban Robert

Upande wa bara wa mlango wa bahari, Tanga na Pangani zilikuwa zimetenganishwa na Zanzibar kiserikali tangu mwisho wa karne ya 19. Tanga ilikuwa ya Wajerumani mpaka mwaka 1916, kisha ikawa sehemu ya Tanganyika chini ya Waingereza. Lakini majahazi hayakuacha kwenda na kurudi, na kwa mtu wa Pangani Unguja ilikuwa karibu kuliko Handeni. Nyimbo za Siti zilivuka njia ile ile ambayo Wazigua walivushwa, safari hii zikirudi nyumbani.

Miongoni mwa watu wa pwani hiyo alikuwamo Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo aliutumia Pangani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, kwa hiyo yeye pia alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili ambaye asingeweza kutaja nasaba ya mashekhe wa Lamu au Mombasa. Muda mfupi kabla ya kifo cha Siti, Shaaban Robert alizungumza naye na kukusanya habari za maisha yake. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958.

Kitabu hiki ni kati ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vinavyosimulia maisha ya mwanamke wa Kiafrika, tena mwanamke wa kawaida, si malkia wala mtakatifu. Kimesomwa sana katika shule za Tanzania. Mwandishi wake anapenda mafunzo, kama ilivyo desturi yake, na mara nyingine Siti anageuka mfano wa subira na bidii zaidi ya mtu mwenye hasira na ucheshi. Msomaji anayetaka kumjua Siti mwenye ulimi mkali inambidi asikilize pia nyimbo zenyewe. Lakini bila kitabu hicho, mengi ya Fumba na ya vyungu yangepotea pamoja na waliomwona.

Taarab iliota mizizi Tanga kwa namna yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star vilichukua magitaa ya umeme badala ya sehemu kubwa ya ala za Kiarabu, na vikapata umaarufu mpaka Mombasa. Mwimbaji wao Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba kwa Kiswahili mbele ya umma bila mtu kushangaa kwamba mwanamke ndiye anayeongoza. Miaka hamsini kabla yake, hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

Kifo na kumbukumbu

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950 huko Unguja. Wakati huo tayari kulikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake mjini Zanzibar, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry, na kuimba kwa Kiswahili kulikuwa kumeshakuwa desturi.

Mwaka 1988 Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilianzisha jarida na kuliita Sauti ya Siti, kwa heshima yake. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti tangu alipokuwa mdogo. Naye pia alikuwa binti wa shamba aliyetembea na kuimba, na hakupita chuo cha muziki. Mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, Bi Kidude alikuwa bado akiimba nyimbo za Siti, ukiwemo Kijiti, katika majukwaa ya Ulaya na Asia, mbele ya watu ambao hawakuelewa Kiswahili hata kidogo na ambao hata hivyo walikaa kimya mpaka mwisho.